Kukaanga karanga hakuondoi mzio wa mtoto

Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye magrupu ya kina mama: mtoto mwenye aleji ya karanga, zikaange sana, umtilie kidogo kidogo kwenye uji, atazoea. Si kweli, na ni hatari. Kinachomdhuru ni protini za karanga, na moto wa kikaango hauziondoi. Kuzikaanga bila mafuta kwaweza hata kuziongezea makali.

Mkanganyiko unaeleweka. Wapo watoto wenye mzio wa mayai wanaovumilia yai lililookwa ndani ya keki, na wengi huachana na mzio wa maziwa wakikua. Ipo pia tiba ya kumzoesha mtoto kwa vipimo vidogo sana, lakini husimamiwa na daktari, dawa ya dharura ikiwa karibu.

Kuhakikisha kama mtoto ana mzio, muulize daktari wa watoto kuhusu vipimo vya ngozi au damu. Soma pakiti ya unga wa lishe, maana aina nyingi huwa na karanga. Hata mashine ya kusaga ya mtaani hubakiza unga wa mteja aliyetangulia, kwa hiyo ulezi wa uji wa mtoto ni salama zaidi ukisagwa nyumbani.

Ujumbe ule ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Na mtoto akivimba midomo au akipumua kwa shida baada ya kula, mkimbize hospitali papo hapo.