Uvimbe wa kidari cha ng'ombe si minyoo kila mara
Wafugaji wengi huamini kwamba ng'ombe aliyevimba kidari na chini ya taya ana minyoo tu. Minyoo bapa ya ini huweza kuleta uvimbe huo, lakini kwa kawaida ngozi ya ndani ya kope huwa imepauka. Waya au msumari uliomezwa ukitoboa tumbo la pili kati ya manne ya ng'ombe na kufikia mfuko wa moyo, uvimbe huohuo hutokea pia, na mshipa mkubwa wa shingo hutuna na kubaki hivyo hata mnyama akiinua kichwa, dalili ambayo, kwa masikitiko, hupuuzwa mno. Daktari wa mifugo akisikiliza nyuma ya kiwiko cha kushoto, mapigo, ambayo kwa kawaida huwa kama 60 hadi 80 kwa dakika, huwa ya kasi na hafifu, pengine yakiandamana na mlio wa maji yanayotikiswa.