Msichana wa Pembetatu Si Mshika Mbili

Wiki iliyopita nimeambiwa tena. Mzazi mmoja alikuja kumchukua bintiye darasani kwangu, ninakofundisha vijana kuchora na kutunga hadithi za katuni, akakuta mezani juzuu za Hana Yori Dango, moja ya manga, yaani katuni za Kijapani. Akafunua moja, akaifunga. "Mwalimu, hizi si ndizo za msichana mmoja na wanaume wawili? Mshika mbili moja humponyoka. Unawafundisha nini hawa?" Nilimjibu kwa heshima, lakini mlangoni hapakuwa na nafasi ya kueleza yote. Swali lenyewe nimelisikia kwa wazazi, kwa walimu wenzangu, hata kwa wanafunzi wanaozisoma manga hizi kila siku. Nimechoka kulijibu nusunusu.

Dhana yenyewe ni hii: katika pembetatu ya mapenzi ya shojo, yaani manga zinazoandikiwa wasichana, msichana hajui anachotaka, na utamu wote ni kungoja nani atashinda.

Kwanza, mshindi huwa anajulikana mapema. Wajapani wana jina la yule kijana wa pili: ate-uma. Limetoka kwenye ufugaji wa farasi. Ate-uma ni dume linalosogezwa karibu na jike ili mfugaji ajue kama jike yuko tayari kupandwa. Akishajua, dume hilo linaondolewa na kuletwa jingine. Wasomaji wanalitumia neno hilo waziwazi, na mara nyingi kijana wa watu bado hata hajatamka kuwa anapenda. Sasa mtu anayemwita mhusika ate-uma tangu mwanzo anangoja matokeo gani?

Turudi kwenye hiyo Hana Yori Dango, ambayo Yoko Kamio alianza kuichapisha mwaka 1992 katika jarida la Margaret. Tsukushi Makino ni binti wa familia ya kipato kidogo aliyeingizwa shule ya matajiri, shule inayotawaliwa na vijana wanne. Yakimzidi, anakimbilia ngazi za dharura na kupiga kelele hewani ili hasira imtoke. Siku moja anakuta kumbe kuna mtu pale, Rui Hanazawa. Makino anampenda. Rui anampenda Shizuka. Shizuka anakwenda zake Ufaransa. Na nyuma ya Makino yuko Domyoji, kiongozi wa wale vijana wanne, aliyemtesa mpaka siku Makino alipomgeukia na kumkabili; tangu siku hiyo hana usingizi. Hebu nionyeshe hapo Makino ameshika wawili wapi. Hajashika hata mmoja! Anatazama mgongo wa mtu anayemtazama mwingine, na yeye mwenyewe mgongo wake unatazamwa.

Riyoko Ikeda alifanya hivyohivyo miaka 20 kabla, katika Versailles no Bara ya 1972 na 1973: André anampenda Oscar, mwanamke aliyelelewa kama mwanamume, Oscar anampenda Fersen, Fersen anampenda Marie Antoinette. Nikiwachorea wanafunzi mishale ubaoni, pembetatu inapotea, unabaki mstari wa watu waliopangana. Msomaji wa miaka 14 anakaa katika kila nafasi ya mstari huo kwa zamu. Leo anajua uchungu wa kupenda asiyekuona. Kesho anajua uzito wa kupendwa na usiyemtaka, na jinsi ilivyo vigumu kumwambia mtu mwema hapana. Huko ndiko kunakomrudisha kwenye juzuu inayofuata.

Ushahidi uko kwenye ukurasa wenyewe. Shojo huweka mawazo ya msichana nje ya viputo vya mazungumzo, maneno yakielea juu ya nywele, juu ya maua, juu ya fremu mbili zilizopandana. Mdomo unasema "sijambo". Pembeni, bila kiputo, moyo unasema jambo jingine kabisa. Kinachofuatiliwa ni umbali kati ya maneno hayo mawili, na kijana wa pili yupo kwa sababu yeye ndiye anayeugundua umbali huo kabla ya wengine. Nawaambia wanafunzi wangu, nami sitaacha kuwaambia: chukua karatasi, funika viputo vyote, soma macho peke yake. Ukishafanya hivyo kwa sura moja tu ya kitabu, hutauliza tena nani atashinda.

Fruits Basket ya Natsuki Takaya, juzuu 23 kati ya 1998 na 2006, imeniokoa katika mabishano mengi. Kwa muda mrefu unaona vijana wawili, Kyo na Yuki, wote wamemwelekea msichana Tohru. Halafu Yuki anakiri kwamba alichokuwa akikitafuta kwa Tohru ni ulezi wa mama, kitu alichokosa utotoni. Pembetatu imefunguka na hakuna aliyeshindwa. Aliyekuwa akihesabu magoli anaona amedhulumiwa. Aliyekuwa akimsikiliza Yuki anafunga kitabu kwanza, apumue.

Dhana nyingine potofu nazipitia haraka.

Eti msichana mpinzani lazima awe shetani. Katika Kimi ni Todoke ya Karuho Shiina, Kurumi anafanya hila, kweli, lakini Sawako anamheshimu kwa kuwa wote wawili wanampenda mtu yuleyule kwa dhati, na baadaye wanakuwa marafiki. Katika Ao Haru Ride ya Io Sakisaka, Yuri anamwambia Futaba kwamba anampenda Kou, Futaba naye anakiri kwamba anampenda Kou huyohuyo, na urafiki wao unabaki. Ni wangapi kati yetu, watu wazima, tumeyaweza hayo?

Eti pembetatu hurefushwa kwa uvivu wa mtunzi. Hapa kuna chembe ya ukweli. Hadithi hizi hutoka kipande kwa kipande majaridani, na wasomaji wamekuwa wakirudisha kadi za maoni zinazowaonyesha wahariri kipi kinapendwa. Kinachopendwa hakikatishwi kirahisi. Lakini kurefusha bila kumchosha msomaji ni kazi ngumu kuliko kumaliza, aliyejaribu kuchora anajua.

Eti Hana Yori Dango ni hadithi ya Kikorea. Siyo. Tamthilia ya Korea Kusini iliyotokana nayo ni ya 2009. Japani walikuwa na yao 2005, na Taiwan waliwatangulia wote mwaka 2001. Wahusika wote hao walitoka kwenye kalamu ya Kamio. Anayetaka kuwajua aanze na juzuu ya kwanza, asome kutoka kulia kwenda kushoto, na akifika kwenye zile ngazi za dharura asikimbie.