Umwilisho: kwa nini Neno "alifanyika" mwili, si "lilifanyika"

Fungua Yohana 1:14 katika Biblia ya Kiswahili: "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu." Mwalimu wa sarufi angetia kalamu nyekundu, maana neno ni la ngeli ya LI-YA: lilifanyika, likakaa. Watafsiri hawakuteleza. Neno anayetajwa hapo si tamko, ni Mwana wa Mungu mwenyewe. Ndiyo maana pia katika sala ya Malaika wa Bwana Wakatoliki husema "Neno wa Mungu", si "Neno la Mungu". Ukishika upatanisho huo, umeshika nusu ya fundisho la umwilisho, yaani Mungu kufanyika mwanadamu.

Nusu ya pili imo katika "mwili", ambako neno umwilisho limetoka. (Wakatoliki hulitumia sana, Waprotestanti wengi husema tu Mungu kufanyika mwili.) Mwana, Nafsi ya pili ya Utatu, bila kuacha kuwa Mungu, alitwaa ubinadamu kwa Bikira Maria. Si Baba aliyeutwaa, wala si Roho Mtakatifu. Na ubinadamu wenyewe ni mzima: nyama na damu, roho, akili, utashi. Jambo hilo lilianza mimba ilipotungwa, si Bethlehemu. Kwa hiyo Kanisa Katoliki huadhimisha Kupashwa Habari tarehe 25 Machi, miezi tisa kamili kabla ya Noeli, na katika sherehe hizo mbili waamini hupiga magoti wanapofika "akawa mwanadamu" katika Kanuni ya Imani. Jumapili za kawaida huinama tu.

Wengi hukosea kwenye kitenzi. Ukisema Mungu aligeuka mtu, umesema Umungu ulikoma, kama unga: ukishakuwa ugali haurudi kuwa unga. Wahubiri hupenda "alivaa mwili". Ni picha nzuri, ila nguo huvuliwa, na Kristo alifufuka na mwili wake akapaa nao. Kusema Mungu alikaa ndani ya mtu aitwaye Yesu ni kubaya zaidi, kwani hapo tayari una watu wawili. Kutwaa ndicho kitenzi salama.

Makosa haya ni ya kale. Ario wa Aleksandria alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ukamkataa mwaka 325. Apolinari, askofu wa Laodikea, alikubali Umungu wa Mwana, ila akasema Neno alichukua nafasi ya akili ya kibinadamu. Askofu Gregori wa Nazianzo alimjibu kwa hoja fupi: kisichotwaliwa hakikuponywa. Mwaka 451 Mtaguso wa Kalkedoni ulitamka Nafsi moja katika asili mbili, ya kimungu na ya kibinadamu, bila kuchanganyika, bila kugeuka, bila kugawanyika, bila kutenganishwa. Angalia: "bila" nne. Hazielezi iliwezekanaje, zinaweka mipaka tu. Wakopti (Wakristo wa Misri) na Waethiopia hawakuupokea mtaguso huo, wakishikilia asili moja iliyounganika, na neno Tewahedo katika jina la Kanisa la Ethiopia lina maana hiyo ya kufanywa mmoja.

Njia rahisi ya kujipima ni Marko 4. Dhoruba imechafuka, mashua inajaa maji, na Yesu yuko katika shetri, yaani nyuma ya mashua, amelala juu ya mto wa kulalia. Anaamshwa, anaukemea upepo, anaiambia bahari inyamaze. Ukieleza kwamba mtu alilala kisha Mungu akaamka, umeshawapakia abiria wawili kwenye mto mmoja. Sema hivi: aliyelala ni Mwana wa Mungu, kwa asili yake ya kibinadamu, aliyekemea ni yeye yule, kwa asili yake ya kimungu.

Hapo ndipo alipokwama Nestori, askofu wa Konstantinopoli, aliyekataa Maria aitwe Mama wa Mungu. Mtaguso wa Efeso, 431, ulilitetea jina hilo, na sababu ni ileile ya mashuani: mama huzaa nafsi, hazai asili. Aliyezaliwa na Maria ni Mwana wa Mungu, ingawa Umungu wake haukuanzia kwa Maria.