Taluka si tarafa, na kijiji cha sensa si kijiji cha babu

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja mtu mzima na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi mbili. Moja ya Kigujarati ya miaka ya sabini, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka. Ya pili mpya, mjukuu wake kaichapisha kutoka mtandaoni: orodha ya vijiji vya taluka ya Abdasa, sehemu ya wilaya ya Kutch, jimbo la Gujarat, India, sensa ya 2011. Mjukuu kapiga mstari mwekundu chini ya jina la kijiji chao. Mbele ya jina, idadi ya watu: 0.

"Mwanangu," akaniuliza, "ina maana kwetu kumekufa?"

Sijui hii ni mara ya ngapi. Nazisomea familia za Kihindi za hapa Mombasa karatasi za namna hii miaka mingi sasa, na dhana ni ileile: kwamba kijiji ni nyumba za watu, na taluka ni kama tarafa, ina bwana mkubwa anayewajua watu wake wote. Sivyo. Taluka ilizaliwa kwa ajili ya ardhi na kodi ya ardhi. Hata majina yenyewe yanakiri. Kaskazini mwa India huiita tehsil, na mtu wa pwani akilitamka taratibu atalisikia hasili letu, mapato. Mkuu wake kule Gujarat ni mamlatdar, na humo ndani mna muamala, neno lilelile la miamala yako ya simu. Iulize ofisi hiyo habari za shamba, itakujibu hadi mpaka wa mwisho. Iulize habari za watu, itakutazama tu.

Kijiji katika daftari la taluka huandikwa moje. Moje ni kipande cha ardhi chenye mipaka, kimegawanywa mashamba, na kila shamba lina namba yake ya upimaji. Pale penye nyumba, gamtal, ni kiraka tu ndani ya kipande hicho. Kiraka kikiwa hakipo, au wenyewe wakihama wote, moje haifutwi, kwa sababu mashamba bado yana wenyewe. Sensa huchukua orodha hiyohiyo ya vijiji vya ardhi, inakwenda kuhesabu, inakosa mtu, inaandika 0. Mwaka 2011 India ilikuwa na vijiji zaidi ya 640,000 kwenye orodha, na zaidi ya 40,000 kati yake havikuwa na mkazi hata mmoja. Madaftari ya zamani ya kaskazini yana neno zuri kwa kijiji cha aina hiyo: be-chirag, pasipo taa. Taa hakuna, kijiji kipo.

Kuna na kinyume chake, na hiki ndicho kinachowatesa wajukuu. Wafugaji wa Kutch hukaa kwenye vitongoji viitwavyo vandh. Familia inaweza kuzaliwa, kuoa na kuzikana hapo vizazi vitatu, na jina la hicho kitongoji usilione kabisa kwenye orodha, kwa kuwa watu wake wamehesabiwa ndani ya moje inayowazunguka. Mtu anatafuta jina alilolisikia kwa bibi, halioni, anaondoka akisema bibi alichanganyikiwa. Bibi hakuchanganyikiwa. Alikutajia alipolala, wewe ukaenda kuangalia palipolimwa.

Nirudi kwa mama. Karatasi yake ya zamani ilikuwa ile waiitayo saat-baar, saba na kumi na mbili, yaani fomu namba 7 na namba 12 kwenye ukurasa mmoja. Ya 7 husema shamba ni la nani. Ya 12 husema limepandwa nini. La kwao mwaka ule lilikuwa na uwele. Hakuna popote panaposema mzee aliishi hapo. Basi sikumuuliza kijiji. Nilimuuliza: "Mama, baba alikuwa akienda shambani kwa mguu?" Akacheka. "Kwa mguu wapi! Kwa mkokoteni wa ng'ombe, tunavuka mto mkavu, tunafika jua limeshawaka." Hapo tukashuka kwenye orodha, mistari michache tu chini ya ile sufuri, tukakutana na jina alilolijua mara moja. Nyumba ilikuwa moje ya pili. Watu wapo, mamia.

Ndiyo maana nawasihi wote: acheni kung'ang'ania jina la kijiji. Rampar ni zaidi ya moja ndani ya Kutch peke yake, na kila karani wa herufi za Kizungu huandika anavyosikia. Shikeni taluka, moje, na namba ya upimaji. Na kwa sensa ya 2011, shikeni namba ya kijiji yenye tarakimu sita. Namba haina matamshi.

Mengine nayapitia haraka, maana nimeyachoka.

Taluka, bloku na "sub-division" ni kitu kimoja? Hapana. Taluka ni ya mamlatdar na ardhi. Bloku ilikuja baadaye, na mpango wa maendeleo ya jamii ulioanza tarehe 2 Oktoba 1952, na kazi yake ni shule, visima na barabara. Huko Gujarat mipaka ya mambo hayo mawili inafuatana, lakini ofisi ni mbili: upande wa maendeleo una ofisa wake na baraza lake la kuchaguliwa, panchayat ya taluka. Ukienda Bihar au West Bengal, bloku ndiyo inayotajwa kila siku. Andhra Pradesh wana mandal. Na ile "sub-division", ambayo Gujarat huiita prant, iko juu ya taluka: ofisa mmoja chini ya Kolekta, yaani mkuu wa wilaya, taluka kadhaa mkononi mwake. Mamlatdar hachaguliwi na mtu. Anayepigiwa kura ni sarpanch, mkuu wa panchayat ya kijiji, na panchayat moja ya kijiji inaweza kubeba moje mbili au tatu. Kwa hiyo usihesabu masarpanch ukadhani umehesabu vijiji.

(Ngazi tatu za panchayat, kutoka kijiji hadi wilaya, zilipendekezwa mwaka 1957 na kamati ya Balwantrai Mehta. Miaka minane baadaye, Mehta akiwa waziri mkuu wa jimbo la Gujarat, ndege yake ilitunguliwa wakati wa vita na Pakistan, ikaanguka karibu na Suthri. Suthri iko taluka ya Abdasa. Mama hakulijua hilo. Aliuliza mara mbili kama nina hakika.)

Jina la taluka ni jina la mji wake? Tafuta mji wa Abdasa uniletee. Makao makuu ni Naliya. Taluka ya Lakhpat inaongozwa kutoka Dayapar. Lakhpat yenyewe, alikozaliwa Tharia Topan aliyekuja kushika ushuru wa forodha Zanzibar, leo ni ngome kubwa yenye watu wachache.

"Wilaya yetu ni Jamnagar, imeandikwa kwenye pasipoti ya babu." Iliandikwa kweli. Lakini Agosti 2013 Gujarat ilikata wilaya mpya saba, na kama kijiji chenu kiko taluka ya Khambhalia, leo mko Devbhumi Dwarka. Sensa ya 2011 bado itawaonyesha Jamnagar. Zote mbili ni sahihi, kila moja kwa mwaka wake.

"Nimeona idadi ya watu ya 2025." Hukuiona, umeona makisio ya mtu. Sensa ya 2021 iliahirishwa kwa ajili ya Korona, na inayofuata tarehe yake ya kuhesabia ni 1 Machi 2027. Mpaka itoke, hesabu ya kijiji ni ya 2011.

Asilimia ya kujua kusoma hupigwa kwa wenye miaka saba na kuendelea. Usiigawe kwa watu wote halafu unipigie simu usiku kwamba serikali imekosea.

Uwiano wa jinsia huandikwa wanawake kwa kila wanaume 1,000. Kutch ilishuka kutoka 942 mwaka 2001 hadi 908 mwaka 2011, na kila mtu hukimbilia kusema mabinti wanauawa. Ubaguzi wa mabinti upo India, sikatai. Ila baada ya tetemeko la Januari 2001 viwanda na bandari za Mundra na Kandla vilivuta vibarua wanaume kutoka majimbo mengine. Kabla ya kusema lolote juu ya wilaya nzima, tazama taluka mojamoja.

Na tabaka. Sensa ya 2011 haitakuambia kijiji kina Bhanushali wangapi au Leva Patel wangapi. Ilihesabu makundi mawili tu ya kisheria, yale ya matabaka yaliyoorodheshwa na makabila yaliyoorodheshwa. Tabaka zote zilihesabiwa mara ya mwisho 1931. Dini nayo huchapishwa mpaka ngazi ya taluka, haishuki kijijini.

Mama alikuwa na ombi moja zaidi: cheti cha kuzaliwa cha baba yake, "hapohapo kwa mamlatdar". Nikamweleza kwamba vizazi na vifo vya kijijini huandikwa kwa talati, karani wa kijiji, kwenye panchayat, na sheria ya kuandikisha nchi nzima ni ya 1969. Baba yake alishakuwa mtu wa makamo. Alinyamaza kidogo, kisha akanipa bahasha niandike juu yake. Nikaandika taluka, moje mbili, namba ya upimaji ya shamba la uwele, na tarakimu sita za kijiji chenye watu. Jina la kijiji nililiweka mwisho, kwa herufi ndogo.