Kuumia sana ukichuliwa siyo kupona

Jamani naomba tuelewane kwenye hili, maana wiki haipiti bila mtu kulala kwenye kitanda changu cha kuchulia akaniambia "dokta usinionee huruma, weka kiwiko, mi nimezoea, nisipoumia najua hela imeenda bure." Wengine wanakuja na damu imevilia mgongo mzima kutoka kwa mchuaji wa huko walikotoka na wananionyesha kwa fahari kabisa, eti pale ndo kazi ilifanyika. Hapana. Lile ni jeraha. Mtu kaenda na kiuno kibovu karudi na kiuno kibovu na mgongo uliochubuka juu yake, halafu analipa.

Imani yenyewe imejengeka hivi: fashia, yaani utando unaofunika misuli, imegandana, kwa hiyo atafutwe mwenye nguvu aibandue. Sasa wewe uliyewahi kuchinja mbuzi nyumbani unaujua ule utando mweupe unaofunika mnofu, ndo fashia yenyewe hiyo, jaribu kuupasua kwa vidole uone unavyogoma mpaka uchukue kisu. Na ya binadamu kwenye paja na unyayo ni ngumu hasa. Mwaka 2008 Hans Chaudhry na wenzake walipiga hesabu ya nguvu inayohitajika kuibadilisha umbo, wakakuta kwamba fashia ya paja na ya unyayo, hata kuibana kwa asilimia 1 tu, inataka nguvu kubwa kupita ile ya kawaida mwilini. Ya puani ndo laini, ile inakubali. Kwa hiyo kiwiko changu hata nikipanda nacho juu ya kitanda hakibandui chochote pajani kwako, kinachopasuka pale ni vimishipa vya damu chini ya ngozi.

Basi wananiuliza, kama haibanduki mbona nikichuliwa shingo inageuka? Hapo sasa ndo penye utamu wa hii tiba. Fashia imejaa neva, ile pana ya kiunoni ndo usiseme, na mkono ukikaa taratibu kwa presha ya wastani, ukatulia dakika kadhaa bila kukurupuka, inavyodhaniwa zile neva zinapeleka habari kwamba pako salama, ubongo unaacha kulinda, msuli unaachia na maumivu yanashuka. Tena kati ya tabaka na tabaka kuna ute wa kuzifanya ziteleze. Mwaka 2011 Helene Langevin na wenzake walipima kwa ultrasaundi viuno vya watu wenye maumivu sugu, wakakuta tabaka za fashia zao zinateleza pungufu kwa kama asilimia 20 ukilinganisha na wasioumwa. Kipimo hicho hakisemi kipi kilitangulia, maumivu au kukakamaa, ila nawaona kila siku: anayeumwa hajongei, na asiyejongea anazidi kukaza.

Sasa mtu huyo ukimkandamiza mpaka machozi yatoke anafanya nini? Anabana pumzi, anakunja vidole vya miguu, mabega yanapanda masikioni, yaani msuli uleule unaotaka uachie ndo anaukaza zaidi. Mimi nikiona pumzi imekatika natoa mkono. Kwenye moja mpaka kumi isizidi tano, na uwe unaweza kupiga stori na mimi huku nafanya.

Kuna mama mmoja fundi cherehani, shingo haigeuki kulia, keshapita kwa wachuaji wa kila aina. Nikamlaza ubavu, vidole vitatu juu ya bega pale msuli unapoanza kupanda shingoni, nikatulia. Akauliza "umeanza?" Nikamwambia ndo naendelea mama, vuta pumzi. Baadaye nikamwomba ageuze kichwa kidogokidogo mkono wangu ukiwa palepale, kushoto, kulia, kushoto, na aliponyanyuka akalitazama bega lake la kulia vizuri tu. Nikamwambia na ukweli wake: ukirudi kwenye kile kistuli kifupi ukainamia mashine kutwa, itarudi. Apandishe kiti, na kila nguo ikiisha asimame azungushe mabega ndo ashike nyingine. Hili nalisema mpaka watu wananichoka lakini sitaliacha, kwa sababu ile nafuu ya kitandani ni ya muda, tafiti nazo zinaonyesha nafuu ya wastani tu na mara nyingi ya muda mfupi, kwa hiyo usipoitumia siku ileile kujinyoosha na kutembea umeitupa. Na anayekuambia mara moja tu utapona anakuuzia maneno.

Hizi nyingine nazimaliza haraka.

"Kuchua kunatoa sumu mwilini." Kazi hiyo ni ya ini na figo. Maji kunywa ukisikia kiu.

"Mshipa umehama" au "gesi imekaa mgongoni." Mshipa hauhami na gesi iko tumboni, unachokisikia ni msuli uliojikaza.

"Nimepiga picha ya MRI, diski ya uti wa mgongo imechakaa, basi tena." Uchambuzi wa mwaka 2015 wa picha za watu wasioumwa mgongo kabisa ulikuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Picha pekee isikutishe.

"Bega langu limeganda, nichue tu." Kwanza kapime sukari, maana tatizo hilo linawapata sana wenye kisukari, na linachukua miezi.

Na tafadhali msimeze diklofenaki kabla ya kuja ili "mvumilie", hayo maumivu mnayoyazima ndo yananiambia nipunguze mkono. Kama unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi niambie kabla sijakugusa.

Ila mguu mmoja umevimba ghafla, una joto na unauma, usikubali mtu yeyote auchue, inaweza kuwa damu imeganda ndani, nenda hospitali. Vilevile ukifa ganzi sehemu za siri, mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, au miguu ikiishiwa nguvu, usije kwangu, nenda hospitali usiku huohuo.