Je, kuwasemea waumini wa nchi nyingine ni kuingilia mambo ya ndani?

Wengi wanaamini kwamba balozi akiulizia waumini wachache waliofungwa kwa sababu ya dini yao, anaingilia mambo ya ndani ya nchi mwenyeji. Shaka hiyo ina mizizi. Katika karne ya 19, mataifa ya Ulaya yalijitangaza walinzi wa Wakristo wa Dola ya Osmani, na mara nyingi ulinzi ule ulikuwa kisingizio.

Leo kuna Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966. Kenya ilijiunga 1972, Tanzania 1976. Nchi wanachama zimeahidiana, na aliyeahidiwa ana haki ya kuuliza. Kwa kawaida huuliza kimyakimya: barua kwa wizara ya mambo ya nje, au ofisa wa ubalozi aliyeketi benchi la nyuma mahakamani, daftari mapajani, hasemi neno.

Ukisikia madai kama hayo, tazama kwanza kama nchi inayotajwa imeridhia mkataba, na kama iliweka pingamizi kwa kifungu chochote. Kisha soma mwenyewe kifungu cha 18, kuhusu uhuru wa dini, na cha 27, kuhusu haki za jamii za walio wachache. Usiiruke aya ya 3 ya kifungu cha 18: inaruhusu mipaka kwa namna ya kudhihirisha dini, ila si kwa imani iliyo moyoni.