Video ya Dakika 52 Si Somo: Neno kwa Wakufunzi wa Kozi za Mtandaoni

Muhula haujafika nusu, na fomu za malalamiko kuhusu kozi za mtandaoni tayari zimejaa mezani pangu kuliko za mambo mengine yote. Ndiyo sababu ya makala haya. Kazi yangu katika taasisi yetu hapa Mombasa ni kukagua kozi kabla hazijafunguliwa kwa wanafunzi, kwa hivyo nasema kama mkaguzi. Hili si tamko rasmi la taasisi, na pale ninapogusa sheria, maandishi ya sheria yenyewe ndiyo yanayotawala.

Nianze na fomu ambayo haikujazwa. Dada mmoja wa Likoni alikuja kaunta kulalamikia kozi ya uwakala wa forodha, ile kazi ambayo watu wa bandarini huiita kliaringi. Nilipompa fomu na kalamu aliviweka kando, akafungua simu yake na kuniwekea mbele. "Hebu soma wewe, mwalimu." Kioo kilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe. Chini ya ufa palikuwa na slaidi yenye mistari 19 na jedwali la ushuru la safu 7. Nikaikuza kwa vidole viwili: nikaona tarakimu, kichwa cha safu kikapotea, nikarudi kwenye kichwa cha safu, tarakimu zikatoka. Nyuma yake sauti ya mkufunzi ilisoma mistari hiyo hiyo, neno kwa neno, kwa dakika 52. Alikuwa amenunua bando mara mbili ili aimalize, na mara zote mbili bando liliisha kabla ya mkufunzi.

Nilipotafuta faili ya kozi hiyo nilikuta sahihi iliyo chini ya fomu ya ukaguzi ni yangu. Fomu ilikuwa ikiuliza kama video ipo, kama maelezo yapo, kama mtihani upo. Vyote vilikuwepo. Tumeibadilisha tangu hapo, na mengi ya hapa chini ndiyo yaliyoingia humo.

Mkufunzi tulipomwita alijitetea kwamba wanafunzi wa siku hizi hawana subira. Kauli hii naisikia kila wiki na, kwa heshima zote, nimeichoka. Mwaka 2014 watafiti Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichapisha uchambuzi wa mara milioni 6.9 ambazo video zilitazamwa katika kozi nne za jukwaa la edX. Hata video iwe ndefu vipi, muda wa kati wa kuitazama haukuzidi dakika 6. Tabia hiyo haikuanzia Likoni. Waligundua pia kwamba video iliyorekodiwa mkufunzi akiwa mezani kwake, anazungumza kama anavyozungumza na mtu, iliweza kuwashika watazamaji kuliko ile ya studio ya gharama kubwa. Na anayechora kwa mkono huku akieleza aliwashika kuliko anayeonyesha slaidi tupu. Kwa hivyo maombi ya bajeti ya studio tafadhali yasubiri. Simu yako, dirisha lenye mwanga na chumba kisicho na feni inayonguruma vinatosha. Kila video iwe na jambo moja.

Lakini wapo walioisoma nusu ya kwanza tu ya mwongozo wetu. Wamechukua video ya dakika 52, wakaikata vipande 9, wakatuletea. Mkate uliokatwa bado haujaliwa. Mwanafunzi hujifunza kwa kile anachokifanya baina ya vipande, na hapo ndipo kozi nyingi ninazozikagua huwa kavu kabisa.

Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, katika jaribio walilolichapisha 2006, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma mara nne. Jingine lilikisoma mara moja, kisha mara tatu likatakiwa liandike linachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Wiki moja baadaye walikumbuka asilimia 40, na wale waliojijaribu asilimia 61. Ndiyo maana huona shaka mwanafunzi anaponiambia "nimeelewa" na video bado inacheza.

Swali nalo lina namna yake. "Taja masharti ya kuingiza nchini gari lililotumika" humfanya mtu arudi kwenye maelezo akanakili. Muulize hivi: mteja amekuja na hati za gari kutoka Japani, lilisajiliwa mara ya kwanza miaka 9 iliyopita, muuzaji amempunguzia bei kwa nusu, na anataka umjibu leo kabla hajatuma pesa. Unamwambia nini, na karatasi gani unaitazama kwanza? Kenya kwa kawaida hairuhusu gari lililopita miaka 8 tangu usajili wa kwanza, kwa hivyo jibu lipo. Tofauti ni kwamba mwanafunzi amelitafuta akiwa ndani ya kazi atakayoifanya kesho. Akikosea, jukwaa lisimwandikie "si sahihi" na kunyamaza, limwonyeshe alipopotea. Kisha swali la aina hiyo limrudie baada ya siku chache, na tena wiki ya pili, likiwa na gari jingine na mteja mwingine.

Kuhusu bando sitasema mengi, maana kila mtu hununua. Kebo za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitua hapa hapa Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikafuata 2010, na nadhani ndiyo maana wakufunzi wengine huamini kila simu ya mji huu inaelea ndani ya intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika na mtandao ukadorora Afrika Mashariki. Kozi iliyowaruhusu wanafunzi kupakua maelezo na sauti iliendelea; isiyoruhusu ilisimama. Sauti ya dakika 40 iliyohifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni kama megabaiti 19. Video ya muda huo huo kwa ubora wa juu ni mamia. Hesabu ni yako.

Sasa jambo ambalo wakufunzi hulichukulia kuwa dogo, nami hulishughulikia karibu kila siku. Kikundi cha WhatsApp cha darasa ni kitu kizuri. Huleta uhai, wanafunzi huulizana na kusahihishana. Hata hivyo kikundi hicho si ubao wa matangazo. Kuweka humo orodha ya alama yenye majina kamili, namba za vitambulisho na namba za simu kunaweza kuwa ukiukaji wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kwa mujibu wa sheria hiyo, Kamishna wa Data anaweza kuitoza taasisi faini isiyozidi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia, kiwango kilicho kidogo kati ya hivyo. Kwa kosa ambalo halikutajiwa adhabu yake mahususi, mahakama inaweza kutoza faini isiyozidi shilingi milioni 3, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Data ikifikiwa na asiyeruhusiwa na pakawa na hatari halisi ya madhara, taasisi inapaswa kumjulisha Kamishna ndani ya saa 72 tangu ilipojua. Kutumia data ya mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 kunahitaji idhini ya mzazi au mlezi, na "mamake anajua" si idhini, tunataka maandishi. Mwanafunzi anayeona haki yake imevunjwa anaweza kulalamika kwa Kamishna, na sheria imeweka siku 90 za kuchunguza na kumaliza lalamiko. Sisemi hivi kumtisha mtu. Tuma kila mmoja alama zake, basi.

Wanafunzi nao wana yao. Kufungua ukurasa na kuacha simu ikicheza huku unaenda kununua mahamri si kuhudhuria, na jukwaa hutuonyesha. Kozi ya mtandaoni haikuwahi kuwa njia ya mkato ya kupata cheti. Kabla ya kulipa popote, ulizeni kama taasisi imeidhinishwa na TVETA, mamlaka ya serikali ya elimu ya ufundi, kwa mafunzo ya ufundi, au na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kwa shahada. Ni jambo la kuuliza mara moja, na bado kila mwaka huja mtu ameshalipa.

Kwetu lalamiko hupita hivi: unamwandikia mkufunzi kwanza, kwenye jukwaa, si kwa kumpigia usiku. Ana siku 2 za kazi za kukujibu. Asipojibu, jaza fomu kaunta au utume ujumbe wa sauti, ukitaja kozi, somo na dakika ya video yenye tatizo. Tafadhali dakika itajwe. "Kozi mbaya" ni lalamiko lisiloweza kukaguliwa.

Kozi ya uwakala wa forodha ilirudi jukwaani ikiwa na video fupi, jedwali limegawanywa, na lile swali la gari. Wiki ya pili niliingia kwenye kikundi cha wanafunzi kutazama tu, kama ninavyoruhusiwa, nikakuta ujumbe wa sauti wa dada wa Likoni. Nyuma yake honi ya feri inalia na watu wanaambiwa wasogee. "Mwalimu, gari hilo nimelikosa mara mbili. Mwezi wa usajili ndio ulionichanganya. Usiniambie jibu."

Mkufunzi, yule yule wa dakika 52, alikuwa amemjibu baada ya dakika 11: "Sikuambii. Angalia hati ya pili."